Robo

Vifaranga hamsini walishuka na basi la usiku kutoka Dar,
boksi limetobolewa matundu, limefungwa kamba ya katani,
jina langu limeandikwa kwa makosa.
Newala ilikuwa Julai. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka jikoni.
Nikawahesabu: arobaini na tisa, na mwingine mmoja
ambaye mke wangu alimdhania kokwa la embe lililofyonzwa.

Miaka ishirini na mitatu nilikuwa karani wa mizani
pale ghala la chama, msimu kwa msimu wa korosho.
Siwezi kutazama kitu bila kukipima.
Nikampeleka dukani kwa Nalinga: gramu ishirini na nane.
Wenzake arobaini, arobaini na mbili.
Nikaandika daftarini. Mkono una mazoea yake.

Chungu cha makaa katikati ya chumba,
pumba za mpunga sakafuni, magunia dirishani.
Watatu wakafa kwa baridi, wanene wote.
Yeye akalala juu ya migongo ya wenzake
kama abiria asiye na tiketi.

Wiki ya nne walikuwa na vifua kama mito ya kulalia,
wanakula wamelala, wanalala wakila,
naye anapita chini ya matumbo yao
akiokota kilichodondoka.
Mjukuu wangu Sadala akampa jina: Robo.
"Maana hata nusu hajafika, babu."

Wiki ya sita Mchekenje akaja na pikipiki na matenga.
Akapakia arobaini na sita.
Robo akamwinua kwa mguu mmoja, akamgeuza, akamgeuza tena.
"Huyu njiwa, mzee. Njiwa sinunui."
Akamrudisha chini taratibu. Kwa hilo namshukuru.

Basi akabaki. Hakuna aliyeamua.
Alikula machicha ya nazi, ukoko wa ugali wa muhogo,
mchwa aliochimbiwa na Sadala,
na Oktoba, mabibo yalipoanza kuanguka,
alidonoa yaliyochacha akaja anapepesuka
na kulala mlangoni mchana kweupe.
Usiku alilala kikapuni karibu na mafiga.
Mke wangu akasema, "Mwanahawa hukumlea hivi."
Sikujibu. Mwanahawa alizaliwa katikati ya msimu,
nilimwona ana siku tisa.

Siku moja nikampima tena, na kikapu chake.
Kilo mbili na robo.
Nikakipima kikapu kitupu: robo.
Nikatoa. Kilo mbili.
Nikabaki nimeshika kalamu.

Gunia tupu la korosho lina kilo moja.
Mimi nilikuwa nakata mbili.
Si kwa wote. Kwa wale niliodhani hawajui hesabu.
Kwa Binti Nangumbi, mwaka aliofiwa na mumewe,
magunia kumi na manne,
naye amesimama kando, kanga imemfunika mdomo,
anatazama mshale wa mizani, si mimi.

Nikamfunga Robo miguu kwa kitambaa laini
nikatembea naye mpaka Mkunya.
Njiani hakupiga kelele. Mara moja tu
alinidonoa kifungo cha shati.

Binti Nangumbi akampapasa kifua kwa kidole gumba,
muda mrefu, kama anayetafuta sindano kwenye godoro.
"Ana kilo ngapi?"
"Mbili."
"Na kikapu?"
"Bila kikapu."

Nilikuwa nimepanga maneno, njia nzima nimeyapanga.
Hakuniuliza.
Akamfungua kitambaa, akakikunja, akanirudishia.
Robo akajikung'uta, akatazama uwanja
kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake.

"Bado kumi na mbili," akasema,
akaingia ndani, kwenye ndoo ya maji ya kununua,
akamchotea.